Jino la Pembe na Pengo: Nafasi ya Meno na Tabasamu katika Kazi ya Mwigizaji

Utangulizi

Wanaoandika kuhusu uigizaji katika Kiswahili aghalabu hushughulikia maleba, miondoko, kiimbo na matumizi ya jukwaa. Meno hayatajwi. Yanapotajwa, huchukuliwa kuwa suala la urembo, nao urembo huachiwa kurasa za burudani magazetini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jino ni chombo cha kazi cha mwigizaji, sawa na ulimi, na kwamba jinsi waelekezi wetu wanavyoyatazama meno ya waigizaji huamua nani atapewa mhusika yupi na atakaa naye kwa muda gani. Tunadai kuwa uamuzi huo mara nyingi hufanywa kwa jicho pale ambapo ungepaswa kufanywa kwa sikio.

Mifano yetu ya karibu inatoka Kiritiri, mji wa Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu, ambako mwandishi amewahi kushiriki katika kikundi cha kuigiza tamthilia teule mashuleni. Mfano wetu mkubwa unatoka Zanzibar. Ile ya Marekani na Ulaya imeingizwa pale tu inapotusaidia kujiona vyema zaidi.

Mwanya, pengo na kukenua

Tuanze na lugha yenyewe, kwani msamiati wa Kiswahili tayari umetoa hukumu kuhusu meno. Nafasi ya kuzaliwa nayo baina ya meno mawili ya mbele ya juu huitwa mwanya. Nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka huitwa pengo. Kwa mtu anayezitazama kwa mbali, nafasi hizo mbili hazitofautiani sana. Katika lugha, hata hivyo, zimetengana kama mbingu na ardhi: aliyepata mwanya amepata fursa, ilhali aliyeondoka akaacha pengo ameacha hasara. Mwanya ni sifa ya uzuri katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Pengo ni jambo la kustiriwa kwa kiganja. Akiyakosa meno yote, mtu huitwa kibogoyo, na neno hilo halisemwi bila kicheko kidogo.

Kuna jozi nyingine ambayo mwanafunzi wa drama hana budi kuitazama. Kutabasamu si lazima meno yaonekane. Midomo na macho hutosha. Kukenua ndiko kuyaweka meno wazi, na kitenzi hiki mara nyingi hubeba ladha ya dharau, ya ujinga au ya unafiki. Mwandishi wa tamthilia anapoweka katika maelezo ya jukwaani kuwa mhusika anatabasamu, haagizi meno. Tunalitaja jambo hili kwa sababu tabasamu lililoenezwa na matangazo ya biashara na filamu za Marekani ni lile la meno yote kuwa nje, meupe na yaliyolingana kama matofali. Mwigizaji wa Kiswahili anayelazimishwa kutabasamu hivyo anaweza kujikuta anakenua mbele ya hadhira inayoijua vizuri tofauti hiyo.

Wahenga walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii hutumiwa kwa mambo mengi, lakini tunaiomba msomaji aichukue kwa maana yake ya juujuu kabisa: jino la bandia, hata likichongwa kwa pembe ya ndovu, halirudishi kilichopotea. Je, ni kweli kwa mwigizaji? Tutaona kuwa ni kweli kwa sehemu tu.

Meno yanavyogawa wahusika

Msomaji aliyesomea shule ya upili nchini Kenya anavijua vikundi vinavyozunguka kuigiza vitabu teule. Huja asubuhi na matatu ya kukodi, huigiza katika bwalo baada ya meza kusukumwa ukutani, na jioni huwa wako shule nyingine. Ukumbi hauna taa za jukwaani. Maleba hutoka katika mfuko mmoja. Kwa vijana wengi wa Kiritiri na vitongoji vyake, hili ndilo soko la kwanza la uigizaji, na kwa wengi ndilo la mwisho.

Katika vikundi hivyo wahusika hugawanywa haraka, tena kwa sura. Shujaa hupewa mwenye meno meupe. Mlevi, mwizi, kibaraka na mganga mwongo hupewa mwenye meno yaliyobadilika rangi, yaliyopangana vibaya au yaliyopungua. Pale ambapo hakuna mwenye sifa hizo, jino la mbele hufunikwa kwa kipande cha karatasi nyeusi au kupakwa masizi, na wanafunzi huangua kicheko kabla mhusika hajatamka neno. Kicheko hicho ndicho kinachowapotosha waelekezi. Wanakihesabu kuwa ufanisi.

Mchukue Yona katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Yona ni mlevi, naam, lakini ni mtu aliyekuwa mwalimu, mwenye heshima yake, aliyesukumwa na maneno ya jamii hadi akaikimbilia chupa. Uzito wa mhusika huyu umo katika umbali baina ya alivyokuwa na alivyo. Anapotokezwa akiwa na jino jeusi, umbali huo hufutika; hadhira huona kichekesho cha kilabuni, na Sara, mkewe, hugeuka kuwa mwanamke anayelalamikia kinyago. Makosa ya namna hiyo hufanywa pia kwa Ngurumo katika Kigogo ya Pauline Kea (2016), ingawa huko madhara ni madogo kwa kuwa Ngurumo hakujengwa kwa kina hicho.

Kuna mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina, aliyecheza walevi kwa misimu minne mfululizo. Meno yake ni ya kahawia. Katika Mbeere, mtu mwenye meno ya rangi hiyo hudhaniwa mara moja kuwa mtafunaji wa muguka, kwani huku ndiko muguka unakolimwa kwa wingi, na ni kweli kuwa kuutafuna kila siku hubadili rangi ya meno. Mwenzetu huyo hatafuni. Alikulia karibu na Nakuru, na meno yake yalipakwa rangi hiyo na maji aliyoyanywa akiwa mtoto.

Hapa inafaa kueleza kidogo. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Nakuru na Naivasha zikiwemo, yana madini mengi ya floraidi yatokanayo na miamba ya volkano. Hali ni hiyo hiyo ng'ambo ya mpaka, katika miteremko ya Mlima Meru wa Tanzania karibu na Arusha, ambako pana mji uitwao Maji ya Chai. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Kiwango kikizidi sana wakati meno ya utu uzima yanapojijenga ndani ya ufizi, yaani kabla mtoto hajafikisha takriban miaka minane, jino huota likiwa na madoadoa au rangi ya kahawia, wala mswaki hauwezi kuliondolea. Mwenye meno hayo hakukosa usafi. Alikosa maji mengine.

Tazama sasa jinsi hukumu ilivyopita hatua tatu: maji yalimpa kijana rangi, jirani akaisoma rangi kuwa tabia, naye mwelekezi akaigeuza tabia hiyo ya kudhaniwa kuwa mhusika. Kijana alianza kutafuta fedha za kufunikiwa meno kwa sababu aliambiwa kwamba bila hivyo hatapata kazi ya runinga. Siku moja aliyezoea kucheza Majoka aliugua, naye akasimama mahali pake bila maandalizi. Katika bwalo la wanafunzi mia kadhaa, ambamo aliyekaa mstari wa mwisho anamwona mwigizaji akiwa na ukubwa wa kidole gumba, hakuna aliyeyaona meno yake. Walichokisikia ni sauti ya kigogo. Hatusemi kwamba tatizo lake lilikwisha hapo, kwani runinga si bwalo, na hilo tutalirejea.

Meno yaliyochongwa na jicho la mgeni

Kabla ya shule na runinga, meno ya mbele yalikuwa mahali pa kuandikia utu. Wakamba, majirani wa Wambeere upande wa kusini, waliyachonga yakawa na ncha. Wamakonde walichonga pia. Wajaluo waling'oa meno sita ya mbele ya chini. Mtu aliyekosa alama hizo ndiye aliyeonekana hajakamilika, na tabasamu lake lilikuwa la kitoto. Uzuri wa meno, basi, ni makubaliano ya jamii, na makubaliano hubadilika.

Yalipobadilika, baadhi ya watu waligharimika vibaya mno. Mfano unaoumiza kuliko yote ni wa Ota Benga, Mkongo aliyepelekwa Marekani na kuonyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya St. Louis mwaka 1904, kisha mwaka 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Meno yake yalikuwa yamechongwa kwa desturi ya kwao. Watangazaji wakaieleza hadhira kuwa hayo ni meno ya mla watu, na huko St. Louis alikuwa akitoza senti tano kwa anayetaka kuyatazama. Baadaye, akiishi Lynchburg katika jimbo la Virginia, meno hayo yalifunikwa ili afanane na wengine. Mwaka 1916, kabla ya kujiua, aliving'oa vifuniko hivyo.

Ota Benga hakuwa mwigizaji kwa hiari yake. Hata hivyo, mtindo wa kumkabidhi mtu mhusika kwa kumtazama kinywani, kisha kuiambia hadhira jambo ambalo kinywa hicho hakijalisema, ni ule ule unaompa kijana wa Nakuru chupa ya pombe katika bwalo la shule.

Jino na matamshi

Tufike mahali ambapo wanaisimu watatuelewa upesi. Mwalimu wa fonetiki huwagawa konsonanti kwa mahali pa kutamkia, na katika mgawanyo huo meno yanatajwa waziwazi. /f/ na /v/ ni za midomo-meno: mdomo wa chini hugusana na meno ya juu. /th/ na /dh/ ni za meno: ncha ya ulimi huyagusa au hupenya kidogo baina yao. /s/ na /z/ hutamkiwa ufizini, lakini mvumo wake hutokana na mkondo wa hewa unaoelekezwa kwenye makali ya meno ya mbele. Anayepoteza meno mawili ya mbele ya juu, kwa hiyo, hupoteza uhakika wa sauti sita kwa mkupuo.

Sauti hizo si za pambizoni katika tamthilia zetu. Msamiati wa mgogoro wa kisiasa na wa kijamii umejaa humo: dhuluma, dhamiri, thamani, fidhuli, hifadhi, fedha, uasi, haki za wazawa. Mwenye pengo akisema thamani, aliye nyuma ya ukumbi anaweza kusikia samani, na utetezi wa utu ukageuka kuwa habari za viti na meza. Katika Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia, mwanaisimu na mshairi kutoka Tharaka, jirani zetu wa kaskazini, Mwelusi anasimama mbele ya utawala wa Mtemi Bokono akiwa na maneno tu. Mhusika wa aina hiyo hawezi kukabidhiwa mtu asiyetamka dh, hata awe na tabasamu la malaika. Vilevile hana sababu ya kunyimwa mwenye meno ya kahawia anayeitamka barabara.

Hapa ndipo methali ya jino la pembe inapohitaji kusahihishwa kidogo. Kwa matamshi, jino la bandia ni dawa, tena dawa nzuri, ila lina masharti. Jino jipya hubadilisha unene wa ukuta ambao ulimi umeuzoea, na kwa siku za kwanza mtu huwa na kithembe. Madaktari wa meno huwashauri wagonjwa wasome kwa sauti hadi ulimi uzoee. Mwigizaji anayewekewa meno wiki moja kabla ya onyesho amejitega mwenyewe.

Tuongeze kwamba sauti inaweza kumjenga mhusika bila msaada wowote wa kinywa cha kutazamwa. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015 na ambaye Wakenya walimjua kama Mzee Ojwang wa Vitimbi, alikuwa Mkikuyu. Mhusika wake alikuwa mzee wa Kijaluo, naye alimshika kwa lafudhi kwa miaka mingi hata watazamaji wengi wakadhani ndiyo asili yake. Wajaluo wa rika la mzee kama huyo wengi walikuwa wameng'olewa meno ya chini. Hadhira ilitosheka na masikio.

Mzaliwa wa Zanzibar

Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mnamo Septemba 5, 1946, katika familia ya Kiparsi. Alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, ambako wenziwe walimtania kwa jina la Bucky kwa sababu ya meno yake ya juu yaliyotokeza mbele. Alikuwa na meno manne ya ziada yaliyoyasukuma yale ya mbele. Familia ilihama Zanzibar mwaka 1964, wakati wa Mapinduzi, ikaenda Uingereza. Ulimwengu unamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen.

Alikuwa mwimbaji, lakini jukwaani alikuwa mwigizaji kuliko waigizaji wengi. Alikuwa na uwezo wa kuyanyoosha meno yake mara mia, ila hakufanya hivyo, kwa kuhofia kwamba sauti yake ingeharibika. Katika mahojiano alizoea kuyafunika kwa mdomo au kwa mkono. Akiwa mbele ya hadhira ya maelfu alikifungua kinywa bila haya. Watafiti waliochunguza sauti yake katika makala iliyochapishwa mwaka 2016 waliueleza upekee wake kwa mitetemo ya nyuzi za sauti kooni, wala si kwa meno. Yamkini, basi, hofu yake ilizidi kiasi. Sisi tunauheshimu uamuzi wake hata hivyo: alikipima kinywa chake kwa kile kilichotoka ndani yake. Alifariki Novemba 24, 1991.

Lililofuata lina ladha ya kejeli. Filamu ya Bohemian Rhapsody ilipotengenezwa na kutolewa mwaka 2018, Rami Malek, mwigizaji Mmarekani mwenye asili ya Misri, alitengenezewa meno ya bandia ili awe na yale yale ambayo watoto wa Panchgani waliyacheka. Aliyapata takriban mwaka mmoja kabla ya kupiga filamu akawa anayavaa ili ayazoee. Februari 2019 alitwaa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Meno ambayo mwelekezi wa kawaida angeyakataa katika usaili yakawa sehemu ya kazi iliyoheshimiwa kuliko zote mwaka huo. Malek mwenyewe, akiisha kuyavua, alirudi kwenye tabasamu lake. Mwenye meno ya kuzaliwa hana fursa hiyo, na waigizaji wanaosifiwa kwa kuvaa ubaya wa meno wasitufanye tusahau waliozaliwa nao wakanyimwa kazi.

Kamera

Tulisema kwamba runinga si bwalo. Kamera hukisogelea kinywa hadi jino moja likawa na ukubwa wa mlango. Hilo lilijulikana mapema. Katika miaka ya 1930 daktari wa meno Charles Pincus aliwatengenezea waigizaji wa Hollywood vigamba vyembamba vya kubandika juu ya meno kwa muda wa kupiga picha. Havikuwa imara hata kidogo; mwigizaji alivivua ili ale. Mtoto Shirley Temple alivaa vya aina hiyo ili watazamaji wasione kwamba meno yake ya utotoni yanang'oka, kana kwamba kung'oka meno si sehemu ya utoto. Kilichoanza kuwa maleba ya saa chache ndicho kilichokuja kuwa kipimo cha watu wote.

Hata huko, kipimo kiliyumba. Lauren Hutton, mwanamitindo na mwigizaji, aliambiwa aufiche mwanya wake, naye kwa muda akauziba kwa nta. Mwaka 1973 alipata mkataba mkubwa na kampuni ya vipodozi ya Revlon. Mwanya ule ambao bibi yeyote wa Kiritiri au wa Lamu angeusifu uligeuka kuwa alama ya kumtambulisha. Na kwa upande wetu, Lupita Nyong'o alipata tuzo ya Oscar Machi 2014 kwa mhusika ambaye karibu hana sababu ya kutabasamu katika filamu nzima. Mwezi uliofuata akatangazwa kuwa balozi wa vipodozi vya Lancôme. Kazi ya kwanza aliipata kwa uigizaji. Ya pili, kwa maoni yetu, ilitokana zaidi na uso uliotabasamu mbele ya wapiga picha. Ni vyema mwanafunzi asizichanganye kazi hizi mbili, kwani nyingi za kazi zinazotangazwa Nairobi kuwa za uigizaji ni za aina ya pili: dawa ya meno, sabuni, simu.

Mwenye meno ya kahawia akikataliwa katika tangazo la dawa ya meno, tunaelewa. Akikataliwa kucheza mwalimu, hakimu au mama mzazi katika kipindi cha kila wiki, tunauliza sababu, kwa maana nchi hii ina walimu, mahakimu na akina mama wengi wenye meno hayo, na runinga inayodai kuwaonyesha imewafuta.

Kwa vikundi vyetu vya mashuleni tungependekeza usaili wenye awamu ya kwanza ya sikio pekee. Mwelekezi na aketi akiwa ameupa jukwaa mgongo, na kila anayetaka kumcheza shujaa asome sentensi moja yenye maneno fedha, dhuluma, thamani, hifadhi na uasi, kwa sauti ya kufika mlango wa nyuma wa bwalo. Aliyeketi karibu na mlango huo ayaandike maneno kama alivyoyasikia. Karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha nani hana budi kwenda kwa daktari wa meno kabla ya msimu kuanza, na nani alikuwa akitumwa huko bila sababu.